Kibaba cha Mwisho: Tupike au Tupande?

Somo: Mhubiri 11:1–6



Hapa Mkwiro hatuna mto. Shamba ni udongo kidogo katikati ya mawe ya matumbawe, na maji ni ya mvua. Wazee walijua: kaskazi ikiisha na kusi ikianza, masika yameingia, shika jembe. Siku hizi mvua yaja wiki moja, mahindi yachipua, halafu jua lachoma. Hatujasahau ukame wa 2020 hadi 2022, wala mafuriko ya mwisho wa 2023.

Sasa mama amebaki na kibaba kimoja cha mbegu. Watoto wana njaa, na wingu limetanda. Apike au apande?

Ni rahisi sisi tulioshiba kumwambia, "Mama, panda kwa imani!" Kweli, mstari wa 4 unamkosoa anayeshinda akipima upepo asipande kitu. Lakini rudi mstari wa 2. Kabla ya kutaja kupanda, Mhubiri ametaja kugawa. Kutojua kesho hutufanya tufiche. Yeye asema, kwa kuwa hujui kesho, gawa.

Basi swali si la mama peke yake. Akipika mbegu na sisi tuna unga ndani, haikupungua imani yake, umepungua upendo wetu.

Wiki hii, kabla hujamwombea jirani mvua, awe wa kanisani au wa msikitini, mpelekee unga. Watoto wale, na mbegu iingie ardhini.

Amina.