Mwanasesere wa Vitambaa: Mchezo au Sanamu?

Leo tunasema nawe, mama au dada, uliyetamani tangu udogoni kutengeneza wanasesere kwa mikono yako na mpaka sasa unaona haya kusema.

Utoto wa Masisi na Walikale unaujua: ganda la mgomba linafungwa kwa kamba, gunzi la mahindi linavishwa kipande cha kitenge, mtoto analifunga mgongoni kama mama yake. Sasa wataka kuifanya kazi ile kwa ufundi, na hofu mbili zinakushika.

Ya kwanza ni sanamu. Onyo kwa watengeneza sanamu ni sahihi, usilipunguze. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na wenzake walipojificha kwa haya, Mtume akiwarudisha wacheze naye. Katika Abu Daud yumo farasi wake mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Aisha alipomtaja Nabii Sulayman na farasi zake, Mtume alicheka. Kwa hiyo wanavyuoni wengi wameruhusu cha kuchezea mtoto, ingawa wapo waliosema ruhusa ile ilifutwa. Lakini tazama, ruhusa imemfuata mtoto. Mwanasesere mwenye uso kamili, wa kuwekwa kabatini awe pambo, hana ushahidi huo. Hatukufichi, hilo hatukushauri. Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza fundi aliyekula kwa mikono yake kwenye miti na visivyo na roho. Na wale wa mgomba hawakuwa na macho, wala mtoto hakulalamika.

Ya pili: kushughulika na vitambaa wakati wa vita? Mwaka 2025 mapigano yalifika mji wa Masisi na mji wa Walikale, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Kumbuka aliyosimulia Rubayyi' (r.a.): watoto waliofungishwa Ashura walitengenezewa vya kuchezea vya sufu, akilia mmoja kwa njaa anapewa, mpaka futari ifike. (Wao futari ilikuwepo, tusijidanganye, mwanasesere si unga.) Hata hivyo wazazi wale hawakuona kazi hiyo ni upuuzi.

Basi anza na ulichonacho. Ila vipande vya vitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani ni mali ya mwenye kitambaa. Muombe kwanza, au ununue.