Ndege Aliyefunzwa Salamu

Ndugu zangu Waislamu, yuko ndege katika misitu ya Bara Hindi na Sumatra. Watu wa Malaysia humwita tiong, na wa Indonesia beo. Ni katika jamaa ya kwezi mnaowajua, mweusi mwenye kung'aa zambarau na kijani, mdomo wa rangi ya chungwa, na ngozi ya manjano nyuma ya macho. Watu humtia tunduni wakamfunza kunena, naye hunena kwa sauti ya mtu hata mpita njia akaitika. Wengi humfunza Assalamu alaikum, wakadhani wamefanya jambo la dini.

Natutazame alikuwa na nini kabla ya kufunzwa. Waliomchunguza mwituni wameona kwamba huko hamwigi ndege mwingine yeyote. Ana miito yake, mitatu hata kumi na mitatu, miluzi na vilio na mikoromo, aliyojifunza angali mdogo kwa jirani zake, dume kwa madume na jike kwa majike. Ukienda zaidi ya kilomita 15, ndege wa huko hawana hata mwito mmoja ulio sawa na wake. Na hulia zaidi alfajiri na jioni, juu ya vilele vya miti. Nyakati hizo mwazijua. Sura ya An-Nur imetufahamisha kwamba ndege, mbawa zao zikiwa zimekunjuliwa, kila mmoja anaijua sala yake na tasbihi yake. Basi wewe umemtenga na waliomfunza, ukampa neno la amani asilolijua maana, naye amani hukumpa.

Wala sisemi kufuga ndege ni haramu. Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kijindege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Lakini Ibn Masud amepokea kwamba safarini masahaba walitwaa makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akitandaza mbawa. Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa wanawe, akaamuru arudishiwe.

Tiong hutaga mayai mawili au matatu tu, katika shimo la mti mrefu. Kisiwani Nias, magharibi ya Sumatra, waliko wakubwa kuliko wote, wametegwa hata wakakaribia kwisha mwituni. Tangu 1997 mataifa yamepatana kwamba hauzwi nje ya nchi yake bila hati.

Mtasema haya ni ya mbali. Na kasuku wa Kongo, anenaye barazani pwani yetu, je? Mwulize aliyekuuzia: kinda huyu alitolewa mti gani, na wenziwe wako wapi?