Mng'aro na Amana

Mafundi wa pwani yetu wameunda vyombo kwa karne nyingi bila ya gundi ya kiwandani. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi. Jahazi na mashua zilipigwa misumari, zikakalafatiwa kwa pamba na sifa, na chini zikapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Siku hizi, mwenye kuunda kidau cha mbao nyembamba huweza kutumia epoksi, yaani utomvu na kigumishi chake, vikachanganywa na kutandazwa juu ya ubao hadi ukang'ara kama kioo. Swali langu ni hili: mng'aro huo una haki gani ya kuaminiwa?

Mwanagenzi hudhani kuwa ulaini umo katika mpako wa mwisho. Sivyo. Ubao ulioguswa na mafuta huukataa utomvu, ukabakiwa na vishimo mfano wa macho ya samaki. Ubao unaopashwa moto na jua la asubuhi hutoa pumzi, na pumzi hiyo ikawa mapovu. Ndiyo maana fundi mwerevu hungoja alasiri, mti unapopoa. Mchanganyiko ukiachwa katika kopo lenye kina hujipasha wenyewe na kuganda kabla ya wakati. Ukimiminwa katika sinia pana, humpa fundi nafasi. Kisha huutandaza kwa rola ya sponji, tabaka jembamba juu ya jembamba, kwani tabaka zito hutiririka na kufanya machozi.

Sharti kubwa zaidi ni mizani. Upo utomvu wa sehemu 2 kwa 1, na upo wa 5 kwa 1. Mwenye pupa huzidisha kigumishi akitaraji kuharakisha kazi. Kilichozidi hakina cha kuungana nacho. Hubaki humo humo, na mpako ukawa dhaifu. Washairi watalifahamu jambo hili bila ya kuelezwa: silabi ya ziada haiukamilishi mshororo, huuvunja.

Miaka michache nyuma niliunda kidau kwa ajili ya mvuvi aliyekwisha kunilipa. Nililaza kitambaa cha nyuzi za kioo, nikakilowesha utomvu, kikatulia vizuri. Siku ya pili niligonga ubavu kwa kidole, na karibu na mkuku nikasikia sauti ya uwazi. Utomvu haukushika, kwani ubao ulikuwa bado na unyevu wa mvua. Juu paling'aa. Rangi ingefunika kila kitu, na yule mzee, aliyevizoea vyombo vya deheni, asingekuwa na njia ya kujua.

Hapo nilitambua tofauti. Deheni haidumu, na kutodumu kwake ndiko kunakomlinda mwenye chombo: kila baada ya muda hukipandisha pwani, akakikwangua, akajionea mbao zake. Utomvu hufunga mlango na kumwachia fundi ufunguo. Mvuvi wa zamani alimwamini fundi pamoja na macho yake mwenyewe. Wa leo humwamini fundi peke yake. Kadiri ulaini unavyozidi, ndivyo amana inavyokuwa nzito.

Huenda mtu akasema kuwa kasoro ile isingemdhuru yeyote. Kidau kingevuka kusi na kaskazi, na mzee angefia kitandani mwake. Yawezekana. Lakini udanganyifu haungoji chombo kizame. Huanza pale fundi anapokata shauri juu ya roho ya mwenzake bila ya kumwuliza.

Nilimwita, nikamwonyesha. Nikakwangua, nikauacha ubao ukauke, nikapiga msasa, nikaanza upya. Mzee alikosa bamvua zima la uvuvi. Gharama ya ukweli wangu aliilipa yeye pia, na wanaousifu ukweli kwa wepesi hawalitaji hilo.

Kabla ya kuondoka aliniuliza: "Fundi, na kule kwengine je?"

Sikuwa na jibu. Tuliinama pamoja, tukagonga ubao baada ya ubao, kutoka omo hadi tezi, tukisikiliza. Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yakiingia, hukusanyikia huko ngamani, na huko hakuna anayeuliza kama ubavu uling'aa.