Embe Tuliziona, Tawi Hatukuliona
Somo: Luka 13:6–9, Kumbukumbu la Torati 22:8

Mji wetu wa Unguja umeitwa kwa miti. Ukitoka Mkunazini, penye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ukapita Darajani, utafika Michenzani, Miembeni na Kikwajuni. Mkunazi, michenza, miembe, mkwaju: majina yamebaki hata pale ambapo miti yenyewe haipo tena. Tena kwetu desturi inakubali kiwanja kiwe cha mtu mmoja na mti uliosimama juu yake uwe wa mwingine. Swali letu leo ni hili: anayekula matunda ya mti ana wajibu gani kwa anayeishi chini ya matawi yake?

Katika ua wa nyumba tunayokaa, nje kidogo ya Mji Mkongwe, umesimama mwembe boribo mkubwa ambao hatukuupanda sisi. Kwa miaka sita tumekula embe zake, tumepumzika chini yake baada ya ibada, na watoto wa kipaimara tumewafundishia hapo. Tuliliona tawi moja kavu lililoelekea kwa jirani. Tukasema tutamwita mkwezi baada ya msimu. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Usiku mmoja wa masika tawi likaanguka, likapasua mabati ya jiko la jirani yetu, bibi mtu mzima anayelea wajukuu. Kwa rehema za Mungu, watoto walikuwa wamelala ndani.

Asubuhi tulikwenda kumpa pole. Tukamwamkia, tukamwambia kwamba hayo ni mipango ya Mungu. Bibi, ambaye ni Mwislamu na hamtaji Mungu kwa mzaha, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mungu ndiye mpangaji, mchungaji, hilo sikatai. Lakini embe zake mkiziona, tawi hamkuliona?"

Tulirudi nyumbani kimya. Upepo haukuwa wetu, wala mvua. Lakini tawi kavu lilikuwa letu, na tulikuwa tumelijua. Tulitumia jina la Mungu kufunika uvivu wetu.

Torati inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Haisemi angoje mpaka mtu aanguke. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoieleza amri ya saba haishii kwenye kutoiba. Anatutaka tumsaidie jirani kuitunza mali yake na riziki yake. Kwa kipimo hicho, mabati yale yalikuwa mali ya jirani tuliyoamriwa kuilinda, nasi tuliiacha hatarini kwa kukaa tu.

Sisi Walutheri tunapenda kusimulia kwamba Luther alisema angepanda mti wa tofaa hata kama dunia ingeisha kesho. Neno hilo halimo katika maandishi yake. Limeonekana kwanza Ujerumani mwaka 1944, wakati wa vita. Ni neno zuri, lakini linasifu kupanda. Kupanda ni kazi ya siku moja na watu hupiga makofi. Yule mtunzaji katika Luka 13 aliomba kazi isiyo na makofi: kuupalilia mti na kuutia samadi kwa mwaka mzima, bila kujua kama utazaa. Mara nyingi neema ya Mungu hutufikia kwa mikono ya namna hiyo.

Wengine walitushauri tuukate mwembe wote, yaishe. Hilo nalo tulilipima. Kumbukumbu la Torati 20 inakataza kuangamiza miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji kwa vita. Kuukata mti mzima ili tusiwe na kazi ya kuutunza ungekuwa uvivu uleule, safari hii wenye shoka.

Basi tuliezeka upya jiko la bibi kwa fedha zetu. Tukamwita mkwezi. Kila tawi kubwa alilikata kwanza kwa chini, kisha kwa juu, lisije likachana gome la shina likianguka. Hakukata kilele, maana machipukizi yanayoota hapo huwa dhaifu. Tangu hapo, kila mwaka embe zikiisha na kabla ya masika, tunauzunguka mti pamoja na bibi, yeye akionyesha kwa mkongojo wake. Embe zilizooza tunaziokota na kuzifukia, maana nzi wa matunda wanaozaliana humo hawajui mpaka wa ua.

Ndugu zetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mmoja wetu amepewa kitu ambacho hakukipanda: nyumba, cheo, usharika, jina la wazazi. Kabla hatujasema "Mungu amependa", tutoke kwanza uani, tuinue macho, tuangalie ni tawi gani limeelekea kwa jirani.