Msiibebeshe Swichi Mzigo Usio Wake

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, nawasihi kwa ajili ya watoto mnaowapakia kiti cha nyuma: acheni kuunga vitu kwenye nyaya za swichi! Acheni leo. Gari linaloletwa gereji likinuka plastiki iliyoungua halikurogwa. Limebebeshwa.

Tazameni Land Rover Series III, gari lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985 na ambalo mpaka sasa linapanda milima. Waliosuka nyaya zake walizipimia taa, wipa na honi, basi. Umeme wa taa kubwa unapita ndani ya swichi yenyewe, pale kando ya usukani, ndipo uende mbele. Sasa mwenye gari ananunua spotilaiti mbili, wati 100 kila moja. Fundi wa haraka anachuna waya wa taa kwa kisu, anasokota, anazungusha tepu nyeusi, taa zinawaka, watu wanafurahi. Nani aliyepiga hesabu? Wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17, juu ya zile kumi hivi ambazo swichi ilikuwa inazibeba tayari. Na ndani ya swichi hiyo, vibati vya shaba vinavyogusana vimeliwa na cheche kwa miaka arobaini. Vinashika joto, plastiki inalegea, na moshi unaanza kutoka chini ya dashibodi mkiwa porini usiku.

Na fyuzi je? Hapa ndipo roho inaponiuma. Fyuzi inakatika mara mbili, mtu anachana karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anaivika fyuzi iliyokufa, anairudisha mahali pake. Jamani! Fyuzi haikuwekwa kuilinda taa, iliwekwa kuulinda waya. Mkiivika karatasi ile, kitakachoungua sasa ni waya, nao hauungui peke yake.

Dawa ipo, tena inaenea kiganjani: rilei. Ndani yake mna koili inayokula takribani ampea 0.2 tu. Koili ikipata moto, yaani umeme, inakuwa sumaku, inavuta kibati, na umeme mzito unapita kutoka betri hadi kwenye taa bila kuikaribia swichi. Swichi inabaki kuamuru kama nahodha. Makasia wanavuta wengine.

Igeuzeni mwone miguu yake, kila mmoja na namba yake. Wa 30 unapokea waya mnene utokao betri. Wa 87 unakwenda kwenye kifaa. Wa 85 ni ethi, nayo ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae. Wa 86 upeni waya unaopata moto pale tu ufunguo unapowashwa, na kama ni taa, upitie kwanza kwenye swichi yake ndogo. Huo wa 86 ndio uliobeba hekima yote: mkichomoa ufunguo, rilei inaachia, na redio, chaja na friji vinalala pamoja na gari. Hakuna kusukumana alfajiri. Mkiona mguu wa tano, 87a, msiuunge na chochote, maana huo una moto wakati rilei imezimwa. Na kama ubavuni pamechorwa dayodi, 85 na 86 zisibadilishane.

Fyuzi ya waya mnene ikae jirani kabisa na betri. Kipande cha kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikichubuka kwenye ukingo wa bati, hakuna cha kuuzuia moto. Kwa zile spotilaiti mbili, waya wa milimita 4 za mraba na fyuzi ya ampea 25 vinatosha. Kila tundu la bati ambalo waya unapita, wekeni raba.

Taa zenu kubwa za asili nazo zipeni rilei, nawaomba! Taa ya balbu ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake unashuka kwa kama asilimia 30. Mnalaumu balbu, mnanunua nyingine, kumbe volti zimeishia njiani ndani ya swichi iliyochoka. Ng'ombe aliyelala barabarani hatangoja mumwone.

Lakini msidanganyike: rilei haizalishi umeme. Land Rover nyingi za aina hiyo zilifungwa altaneta ya Lucas ya ampea 34. Washeni taa zote, wipa, redio na friji kwa pamoja, na betri itakuwa inalipa deni mnapoendesha. Chagueni cha kuzima, au fungeni altaneta kubwa zaidi.

Basi nendeni kwa fundi mkiwa na rilei yenu mkononi. Ang'oe kwanza waya hasi wa betri. Kisha aufuate kila muungo uliofungwa tepu nyeusi, mmoja baada ya mwingine, kutoka swichi mpaka taa, autoe. Ikichukua siku nzima, mlipeni siku nzima.