Mgeni wa Siku Moja

Wafipa wana mji ambao jina lake ni amri. Sumbawanga, kwa maana inayotolewa na wenyeji, ni kumwambia mtu atupe uchawi wake: anayeingia na auache nje. Mji huo umekaa juu ya uwanda, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na barabara ipitayo Matai huteremka kutoka huko hadi Kasanga, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Zambia. Msafiri wa majini huingia Ufipa kwa mlango huo wa chini, na mlango huo haumwamrishi kitu.

Kwa miongo mingi aliletwa na Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Katika vijiji vingi vya mwambao hapakuwa na gati, na abiria walipokewa na mashua katikati ya maji. Kasanga palikuwa na gati. Shehena ilipokuwa ikipakuliwa, mtu aliweza kushuka kwa miguu yake na kuzunguka atakavyo.

Wako waliopenda kushuka hivyo, bila kiongozi. Hoja yao si dhaifu: anayeongozwa huonyeshwa, na anayeonyeshwa hupewa kile ambacho kiongozi anadhani kitanunuliwa. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa hilo. Meli za watalii zikitia nanga Unguja, milango ileile ya Mji Mkongwe hupigwa picha zilezile. Lakini aliyemkataa kiongozi aliona nini zaidi? Aliona dagaa juani, watoto, masalia ya boma la Wajerumani walioliita pahali hapo Bismarckburg. Akayahesabu yote kuwa ni yake kwa sababu aliyafikia peke yake. Asichokiona ni kwamba hapana aliyempokea. Kukosa kiongozi ni jambo moja. Kukosa mwenyeji ni jambo jingine, na yeye aliyachanganya akayaita uhuru.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kipimo hicho mgeni wa siku moja ni mtoro: huondoka kabla jembe halijatolewa. Hukumu hiyo inavutia, ila inachukulia kwamba kukaa ni wema. Masimulizi ya Wafipa hayana uhakika huo. Yanasema mfalme wa Milanzi alikuwa mawindoni walipofika wanawake wageni. Mkewe, ingawa alionywa, akawaachia kiti cha enzi. Mfalme aliporudi alikuta utawala umekwenda, akabaki na mlima wake wa Itwelele. Wageni hao hawakuwa na haraka ya kuondoka. Hata wenye boma la Kasanga hawakuwa nayo.

Basi kosa la mgeni wa siku moja halimo katika ufupi wa siku. Huenda ufupi huo ndio heshima pekee aliyo nayo: haketi katika kiti cha mtu. Lililo zito ni namna anavyoitumia siku yenyewe. Anayepita akitazama tu, huku yeye hataki kutazamwa, amejipa mamlaka ya mwenye boma bila kujenga boma. Bali akipiga hodi, akaulizwa atokako na aendako, akajibu, akanunua migebuka kwa bei aliyotajiwa, amekubali kuwa mtu mbele ya watu. Hakufika maporomoko ya Kalambo, yaangukayo zaidi ya mita 200, maana ni mbali kwa miguu na meli haimsubiri mtu. Na jirani ya maporomoko hayo, mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Siku nzima huko isingemwongezea mengi.

Honi hulia. Mama muuza samaki humuuliza atarudi lini, swali la adabu ambalo mwenye haraka hulijibu "karibuni". Huo nao ni uchawi mdogo. Mwingine husema hajui, akapanda ngazi na samaki wake.