Uzuri wa Kazi ya Mkono na Nafsi ya Mtu

Mavazi yana kazi tatu. Ya kwanza ni kuusitiri mwili. Ya pili ni kuukinga na baridi na jua. Ya tatu ni kusema. Kazi mbili za kwanza hazina ubishi, maana hapana mtu mwenye akili timamu asiyezikubali. Ubishi uko katika ya tatu. Wako wasemao kwamba mtu anapojipamba huidhihirisha nafsi yake, na kumnyima pambo ni kumnyima ulimi. Wako pia wasemao kwamba pambo ni majivuno, na kwamba nafsi njema haina haja ya kutangazwa na uzi wala rangi. Kila upande una hoja yenye uzito, lakini pande zote mbili husahau jambo moja: kabla nguo haijamsemea mvaaji, imekwisha kumsemea aliyeifanya. Basi swali lifaalo kuulizwa ni hili: nguo iliyofanywa kwa mkono ikisema, husema habari za nani?

Swali hili lina makao mazuri Buhare, katika mji wa Musoma, mkoani Mara. Hapo pana Chuo cha Maendeleo ya Jamii, ambacho zamani kilijulikana kwa mafunzo ya sayansikimu, elimu ambayo kwa desturi hukusanya pamoja upishi, malezi, usafi wa nyumba, ushonaji na ufumaji. Musoma umo kando ya Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa alfajiri katika nchi hiyo si upepo wa pwani. Mtoto mchanga huvikwa sweta na kofia ya sufu, na si ajabu mgeni akikaribishwa sebuleni kukuta vitambaa vilivyofumwa kwa mkono vimetandikwa juu ya viti na meza. Mtu wa pwani, aijuaye kofia ya viua na kanga yenye jina lake, hahitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Lakini kanga husema kwa maneno yaliyoandikwa juu yake. Sweta haina neno hata moja. Husema kwa namna ilivyofanywa tu, na kwa hiyo anayetaka kuisikia hana budi kwanza kujua imefanywaje.

Kitambaa cha kawaida hupatikana kwa nyuzi zikatanazo: mtande uliokwisha kutegwa, na mshindio upitao katikati yake. Nguo ya kufuma kwa sindano si hivyo. Uzi wake ni mmoja. Mfumaji huingiza sindano katika kitanzi kilichotangulia, akavuta uzi, na kitanzi kipya kikazaliwa ndani ya kile cha zamani. Kila kitanzi hukishika kilichokitangulia, nacho hushikwa na kitakachokifuata. Kwa sababu hiyo nguo ya kufuma hunyumbuka na kurudi. Huufuata mwili, wala haiulazimishi mwili kuifuata. Kwa sababu hiyo hiyo kitanzi kimoja kikiachwa, kosa hushuka safu baada ya safu mpaka chini. Lugha yenyewe imeliona jambo hili, maana kufuma na kufumua ni maneno ya shina moja. Alichokifuma mtu kwa siku nyingi chaweza kufumuliwa kwa dakika chache.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuchukue upande wa mbele wa sweta, wenye vitanzi 100 katika kila safu, na safu 150. Hivyo ni vitanzi 15,000. Mfumaji afumaye vitanzi 30 kwa dakika atahitaji dakika 500, yaani zaidi ya saa 8, kwa upande huo peke yake. Bado mgongo, bado mikono miwili, bado ukosi. Saa hizo hazirudi. Zimekaa ndani ya nguo, na kila aivaaye huzivaa.

Husemwa mara nyingi kwamba mtu huidhihirisha nafsi yake kwa kazi yake, kana kwamba nafsi hiyo imekwisha kukamilika ndani, kama maji mtungini, ikingoja kumiminwa. Ufumaji wafundisha vingine. Mwanafunzi aanzaye hana cha kumimina. Ana uzi, ana sindano mbili, na ana kielelezo cha mtu mwingine. Safu zake za kwanza hukaza mno, kwa kuwa ana hofu. Za pili hulegea mno, kwa kuwa amejiamini kabla ya wakati. Hufumua, akaanza tena. Siku moja mkono wake hutulia mahali pake, wala si mahali pa mwalimu wake. Wape wafumaji wawili uzi wa namna moja, sindano za unene mmoja na kielelezo kimoja: vitambaa vyao havitalingana. Mmoja ana mkono mkavu, mwingine ana mkono mlaini, na mwenye uzoefu huitambua tofauti kama watu wanavyotambua mwandiko. Huo ndio mtindo, neno litumikalo kwa mwandishi na kwa mvaaji pia. Mtindo hauchaguliwi kama bidhaa dukani. Ni masalio ya uvumilivu wa mtu. Nafsi haikutangulia kazi. Imefanyika pamoja na kazi, kitanzi kwa kitanzi.

Mtaala wa shule za msingi wa Tanzania wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Stadi za Kazi, na somo jingine lililoitwa Haiba na Michezo. Kwamba neno haiba liliwekwa katika jina la somo ni ushahidi kuwa wapangaji wa elimu waliiona haiba kuwa kitu kiwezacho kulelewa. Lakini pengine stadi na haiba hazikustahili hata kutengwa, kwani mkono unapojifunza kutulia, tabia nayo hujifunza.

Sasa na isikilizwe hoja ya wapinzani wa pambo, maana ina heshima yake, na katika Mara ina mfano mkubwa. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya Wazanaki. Pambo hilo halikuwa tangazo la nafsi moja. Lilikuwa muhuri wa jamaa. Alipokuwa mkuu wa nchi alijulikana kwa suti nyepesi isiyo na tai, vazi lililokataa fahari. Hapo mpinzani husema: tazameni, mtu mkubwa hakuhitaji pambo. Jawabu lake ni kwamba vazi lile nalo lilisema, na lilisema kwa sauti iliyosikika mbali. Lingekuwa bubu, lisingekumbukwa.

Nchi nzima ilionja mjadala huu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku katika Dar es Salaam. Walioipenda amri hiyo waliona katika mavazi yale utumwa wa mambo ya kigeni; walioichukia waliona katika amri yenyewe utumwa wa namna nyingine. Lakini pande mbili zilikubaliana bila kujua kwamba nguo husema, kwani hapana mtu apigaye marufuku kilicho bubu. Funzo la mzozo ule ni kwamba amri yaweza kuinyamazisha kauli moja, lakini haiwezi kutia kauli nyingine mahali pake. Kauli hutoka katika mkono na moyo, na hivyo havipokei amri.

Iko hoja ya pili, iliyo kali zaidi. Mtu mwenye huruma huuliza: yafaa kuzungumza habari za uzuri mbele ya watu ambao bado watafuta ada ya shule na dawa? Je, uzuri si anasa ya walioshiba? Hoja hii haijibiwi kwa maneno matamu. Hujibiwa kwa kumtazama mama afumaye sweta ya mtoto, naye hana fedha za kuchezea. Akiisha kufuma sehemu yote ihitajiwayo na baridi, huongeza ua dogo kifuani, au mstari wa rangi ya pili mkononi. Ua lile haliongezi joto. Halisitiri chochote. Linakula uzi ambao ungefaa soksi. Mbona analiweka? Analiweka kwa sababu sweta bila ua husema, mtoto huyu amekingwa. Na sweta yenye ua husema, mtoto huyu ametazamwa. Umaskini huweza kumnyima mtu vitu vingi, lakini ubaya wake ulio mkubwa ni kumfanya aonekane hatazamwi na mtu. Kwa hiyo uzuri si anasa. Ni ushahidi wa uangalifu, na mwenye dhiki huuhitaji ushahidi huo kuliko tajiri.

Katika mfano huo jawabu la swali limekwisha kuchungulia. Mtoto mchanga hana mtindo wake. Nguo husema nafsi ya mama. Lakini mama hajisemi peke yake. Anasema na mtoto. Kauli haikamiliki kwa msemaji tu. Yataka wa kuambiwa. Basi nguo ya mkono husema habari za watu wawili, na mwenye kudai kwamba ni yake peke yake, akiwa mfumaji au mvaaji, ameikata nusu.

Hapa ndipo penye haki na dhuluma. Tangu biashara ilipolegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, mitumba imejaa katika masoko ya Tanzania, na sweta iliyotoka mbali yaweza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko bei ya uzi wa kufumia mpya. Mzazi anunuaye mtumba ili mtoto wake asitetemeke hana lawama, kwani kukinga kumetangulia kupamba. Wala hana lawama avaaye sweta ya shule iliyofumwa kwa mashine, sawa na za wenzake wote. Usawa huo humsitiri mtoto wa maskini asipimwe kwa nguo, na kiwiko kikichakaa mkono wa nyumbani hurudi na kiraka chake, na sare ikapata mwandiko. Mwenye lawama ni mwingine. Ni yule mwenye uwezo, atakaye nguo isiyo na mfano ili asifiwe kwa mtindo wake, kisha akafika kwa mfumaji na kusema, "Huu si uzi tu?" Huyo ataka kuivaa nafsi ya mwenziwe kama yake, na saa za mwenziwe ataka zihesabiwe kuwa si kitu. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nguo iliyopunjwa yasitiri kidogo zaidi, maana ya kuazima ina ridhaa ya mwenyewe.

Kwa hiyo mvaaji ana wajibu, na kwa wajibu huo ndipo naye hupata haki ya kusema, "Huu ni mtindo wangu." Aijue kazi ilivyofanyika. Ailipe kwa kadiri ya saa zake. Aitunze, na kitanzi kikikatika, akishone kabla kosa halijashuka. Akifanya hivyo, uchaguzi wake, namna yake ya kuivaa na kuiheshimu, huingia katika nguo kama safu ya mwisho ambayo mfumaji hakuweza kuifuma. Nguo huanza kwa nafsi moja na hukamilishwa na nyingine.

Uzuri wa namna hii hauna makelele. Waweza kuwako Buhare, Bunda au Butiama, katika nyumba ambayo jina lake halimo kitabuni, juu ya bega la mtu asiyejulikana. Ajitafutiaye uzuri peke yake hupata pambo, na pambo huchakaa. Atazamaye mwingine kwa uangalifu mpaka uangalifu huo ukageuka kuwa kitu kiwezacho kushikwa, kuvaliwa na kurithiwa, huyo amejieleza pasipo kujitangaza.